Sura ya Nne: Kondoo Waliolia Gilgali

Kabla Biblia haijatueleza habari za sauti iliyomwita Samweli usiku, inatupeleka kwanza jikoni. Sura ya pili ya Samweli wa Kwanza inaeleza mambo yalivyokuwa yakienda Shilo, mahali palipokuwa na hema ya Bwana na sanduku la agano. Mtu akileta dhabihu yake, na nyama ikiwa bado inatokota, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu, akauzamisha chunguni, na chochote kilichonaswa kikawa cha kuhani. Baadaye hata huko kutokota kukaonekana kunachelewesha. Walitaka nyama mbichi, kabla mafuta hayajateketezwa kwa ajili ya Mungu. Mwenye dhabihu akiomba wasubiri kidogo, aliambiwa atoe sasa hivi au anyang'anywe.

Waliofanya hayo walikuwa Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli. Walilala pia na wanawake waliotumika mlangoni pa hema, na watu walijua. Mtu aliyepanda milima ya Efraimu na mwanakondoo wake, amejinyima mwaka mzima ili amtolee Mungu, alirudi kwake akiwa ameona kwa macho ibada inavyogeuzwa kuwa njia ya kujaza matumbo. Kisha sura ya tatu inafunguka kwa taarifa kwamba siku zile neno la Bwana lilikuwa jambo la nadra. Wahubiri wengi huisoma taarifa hiyo kana kwamba Mungu aliamua kunyamaza kwa sababu zake mwenyewe. Mimi naisoma kama mwendelezo wa habari za chungu. Mungu alikuwa na la kusema Shilo, ila wenye nyumba walikuwa na shughuli nyingine mikononi.

Tumezoea kufundishwa kwamba adui wa kumsikia Mungu ni dunia iliyo nje: simu, mpira wa Ulaya, siasa, biashara, muziki wa baa ya jirani. Sikatai. Mtu anayeamka na kushika simu kabla hajasema lolote na Muumba wake, akapitia makundi ya WhatsApp, akakutana na taarifa ya msiba, picha za harusi, bei ya mahindi na ugomvi wa mashabiki, huianza siku moyo wake ukiwa tayari umejaa watu. Nitarudi kwenye simu. Lakini Shilo hapakuwa na simu. Palikuwa na hema, taa, madhabahu, makuhani waliovaa mavazi ya kazi yao, na sikukuu zilizofuatwa mwaka hadi mwaka. Kelele iliyoziba masikio pale ilitoka ndani ya nyumba ya ibada, na ilikuwa kelele ya watu waliotaka kitu. Hilo ndilo ninalotaka tukae nalo katika sura hii: kinachotuzuia zaidi kumsikia Mungu ni kile tulichokwisha kukitaka kabla ya kumwuliza.

Mtazame Eli. Siku ile Hana, mke wa Elkana, alipokuja kumlilia Mungu kwa ajili ya mtoto, midomo yake ilicheza bila sauti kutoka. Kuhani aliyeketi penye mwimo wa mlango alimtazama akahitimisha kwamba mama huyu amelewa. Nadhani msomaji asiharakishe kumcheka mzee huyu. Katika nyumba ambayo wanawake wa mlangoni walikuwa wamedhalilishwa na vijana wake mwenyewe, na karamu zilipangwa kwa uma wa makuhani, pengine Eli alikuwa amewaona walevi wengi kuliko waombaji. Jicho lake lilizoea. Mtu aliyekaa muda mrefu kwenye ibada iliyoharibika hupoteza uwezo wa kutambua sala ya kweli hata inapoombwa mbele yake. Jambo hilo linanitisha kuliko simu yoyote, kwa sababu linawapata watumishi wa Mungu kazini kwao.

Mtoto aliyezaliwa kutokana na sala ile ndiye aliyelala hemani usiku ambao taa ya Mungu ilikuwa haijazimika bado. Aliitwa, akakimbia kwa Eli. Akaambiwa hakuitwa, arudi alale. Ikawa hivyo tena, na tena. Biblia inaeleza wazi kwamba Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana, ingawa alilala mle mle lilimokuwa sanduku la agano na kila siku alikuwa na kazi ya kufanya mbele za Mungu. Kuzaliwa na mama mwombaji hakukumfundisha kuitambua sauti. Kulelewa hekaluni hakukumfundisha. Ilibidi mtu mzima amwambie.

Na mtu mzima mwenyewe ni Eli! Mzee ambaye macho yamefifia, aliyeshindwa na wanawe, aliyemdhania mwombaji kuwa mlevi. Mara ya tatu alielewa kwamba Bwana ndiye anayemwita kijana, akamfundisha la kujibu: aseme kwamba yeye ni mtumishi na anasikiliza. Nimewasikia vijana wa leo wakisema hawaoni sababu ya kuwasikiliza wazee wa kanisa kwa kuwa wazee hao wana madoa. Madoa wanayo. Lakini Samweli asingeijua ile sauti ni ya nani bila mzee mwenye madoa. Na Eli, kwa upande wake, alifanya jambo ambalo viongozi wengi hawaliwezi: alikubali kwamba Mungu amempita yeye, kuhani mkuu, akaenda kuzungumza na mtumishi wake mdogo. Hakumwambia kijana amletee yeye ujumbe kwanza auhakiki. Alimrudisha kitandani akasikilize mwenyewe.

Ujumbe ulipokuja, haukuwa na jipya. Hilo tunalipita haraka mno tunapowafundisha watoto hadithi hii shule ya Jumapili, ambapo mara nyingi tunaishia kwenye kuitwa na hatufiki kwenye kilichosemwa. Mungu alimwambia Samweli kwamba ataihukumu nyumba ya Eli kwa uovu ambao Eli aliujua na hakuwazuia wanawe. Lakini mtu wa Mungu asiyetajwa jina alikuwa amekwisha kumwendea Eli, katika sura ya pili, na kumwambia habari hiyo hiyo kwa urefu. Alimshtaki kwamba anawaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba wamejinenepesha kwa sehemu zilizo bora za sadaka za watu. Eli alikuwa miongoni mwa waliokula. Tunakumbushwa baadaye, siku ya kufa kwake, kwamba alikuwa mtu mzito. Aliwakemea wanawe kwa maneno, lakini ni vigumu kuuzuia uma unaokulisha.

Asubuhi Samweli alifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida yake, akaogopa kumwambia mzee alichokisikia. Eli alimwita, akamwapiza asimfiche neno. Alipolisikia, alikiri kwamba ni Bwana aliyesema, na afanye alionalo kuwa jema. Mahubiri mengi humsifu kwa unyenyekevu huo. Mimi nasita. Hatusomi popote kwamba aliinuka siku hiyo akawaondoa Hofni na Finehasi kwenye kazi ya ukuhani. Alikubali neno na akaliacha liketi. Kuna namna ya kusema "mapenzi ya Bwana yatimizwe" ambayo ni uvivu uliovishwa kanzu, na wanaoitumia mara nyingi ni watu ambao Mungu amewaambia jambo dogo la kufanya leo mchana.

Kilichofuata kinajulikana. Israeli walipigana na Wafilisti, watu wapatao 4,000 wakafa. Wazee wa Israeli wakaulizana wao kwa wao kwa nini Bwana amewapiga. Swali lilikuwa zuri, lakini walilielekeza kwa wenzao, na wenzao wakalijibu: tulete sanduku la agano kutoka Shilo. Lilipoingia kambini, Hofni na Finehasi wakiwa wamelisindikiza, watu walipiga kelele nchi ikavuma. Nawaomba wale wanaopenda ibada zenye shangwe, nami ni mmoja wao, waisome sura ya nne ya Samweli wa Kwanza polepole. Ilikuwa shangwe kubwa kuliko zote katika kitabu hicho, mbele ya sanduku lenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwuliza Mungu kitu. Wakafa askari wa miguu 30,000, sanduku likatekwa, na Eli, mwenye umri wa miaka 98, akaanguka kutoka kitini akafa. Shilo penyewe palibaki magofu. Nabii Yeremia, karne nyingi baadaye, aliwaambia watu wa Yerusalemu waende wakapatazame kabla hawajalitegemea hekalu lao. Leo mahali hapo panaitwa Khirbet Seilun, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Yerusalemu, na waliochimba hapo wamekuta dalili za maangamizi na moto wa kama karne ya 11 kabla ya Kristo.

Samweli aliendelea kusikia. Lakini hakuwa mtu ambaye sauti ya Mungu ilikubaliana naye kila mara, na hiyo ndiyo sababu namwamini. Alipozeeka, wanawe Yoeli na Abiya walikula rushwa kule Beersheba, akawa na kidonda kilekile cha Eli. Watu walipomtaka mfalme, jambo hilo lilimchukiza, akaomba. Mungu akamwambia awasikilize watu. Alipotumwa Bethlehemu kwa Yese kumtia mafuta mfalme mpya, alimwona Eliabu, mrefu, mwenye sura, akasema moyoni mwake kwamba bila shaka ndiye. Hapo alikuwa nabii wa miaka mingi, mtu ambaye Israeli yote tangu Dani hadi Beersheba walimjua kuwa wa kweli, na alikosea. Alisahihishwa papo hapo, wakapita wana saba mbele yake bila kupatikana wa kutiwa mafuta, naye hakuona haya kumwuliza Yese kama watoto wake wote wapo. Hawakuketi kula mpaka mdogo aliyekuwa akichunga kondoo alipoitwa.

Mtu anayesema kwamba kila anachokiwaza moyoni ni Mungu anayesema, asome mambo ya Eliabu. Wazo la kwanza la nabii mkubwa lilikuwa lake mwenyewe.

Sasa twende Gilgali, maana hapo ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine. Sauli, mfalme ambaye watu walikuwa wamemtaka, alikuwa ameagizwa awapige Waamaleki na asibakize kitu, wala watu wala mifugo. Agizo hilo ni gumu, na Mkristo anayelisoma bila kusumbuka hajalisoma vizuri. Nitalizungumzia katika sura ya vita vya Agano la Kale. Hapa nataka tuangalie alichokifanya Sauli na agizo alilokubali kwamba limetoka kwa Mungu. Alimbakiza mfalme Agagi. Alibakiza kondoo na ng'ombe walionona. Vilivyo vibovu, visivyo na thamani, ndivyo alivyoviangamiza. Yaani alitii pale ambapo utii haukumgharimu kitu. Akapita Karmeli akajisimamishia ukumbusho, kisha akateremkia Gilgali.

Usiku ule Samweli alimlilia Bwana hadi asubuhi. Akaondoka mapema kwenda kumkabili mfalme. Na Sauli alipomwona, alimlaki kwa baraka, akatangaza kwamba ametekeleza agizo la Bwana. Nadhani aliamini anachokisema, na hapo ndipo penye hatari. Samweli hakubishana naye juu ya theolojia, wala hakumwuliza alijisikiaje alipokuwa akiomba. Alimwuliza maana ya mlio wa kondoo na ng'ombe anaousikia masikioni mwake.

Swali hilo lina thamani kuliko vitabu vingi vya uongozi wa Roho. Nyuma ya ushuhuda wa mfalme kulikuwa na wanyama wakilia. Mtu anaweza kuupanga ushuhuda wake, akachagua maneno na mistari, akatulia kabisa mbele ya kusanyiko. Kondoo hawajui kupanga. Watalia mbele ya wageni. Na jibu la Sauli ni la kale na la leo: watu ndio waliobakiza, tena ni kwa ajili ya kumtolea Bwana dhabihu. Baadaye, alipobanwa, ukweli ulimtoka. Alikiri kwamba aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Masikio yake yalikuwa yakifanya kazi vizuri, ila yalikuwa yameelekezwa kwa jeshi. Hata baada ya kukiri alimwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee na Israeli. Alitaka kusamehewa, lakini zaidi alitaka kuonekana.

Kila mtu anayesema anatafuta uongozi wa Mungu ana kondoo wake wanaolia mahali fulani. Kwa mwingine ni fedha za chama cha kuweka na kukopa alizokaa nazo. Kwa mwingine ni kiwanja cha marehemu kaka yake, ambacho hati yake iko kabatini kwake na mjane amepanga chumba kimoja Mbagala au Kayole. Anaomba Mungu amwonyeshe kama ahame kazi, kama ajenge, kama agombee uongozi. Anafunga siku tatu. Anapanda mlimani. Na kondoo wanalia.

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa jambo hili kwa namna ambayo kizazi chetu kimeanza kuisahau. Mwanzo wake kwa kawaida huhesabiwa tangu Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akitumika katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyowakumba Wanyarwanda miaka ile ya 1928 na 1929. Alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ileile, wakafungua Biblia na kuomba pamoja. Mmoja alikuwa mtawala kwa rangi yake na mwingine mtawaliwa, wakati wa ukoloni, na wote wawili wakapiga magoti wakiwa na mahitaji yaleyale. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, akawa moto wa Uamsho ule mpaka alipofariki Januari 1936 akiwa bado kijana.

Uamsho ulipoenea Uganda, Kenya na Tanganyika, alama iliyotambulika haraka, hata na wasioamini, ilikuwa watu kurudisha vitu. Walirudisha fedha walizoiba kwa waajiri, vifaa vya kazini, mifugo, wakalipa madeni yaliyokwisha kusahaulika na wadai wenyewe. Mtu alitembea mpaka kwa jirani aliyemkosea akataja kosa kwa jina lake. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Hawakuwa na mbinu maalumu za kuisikia sauti ya Mungu. Waliwapeleka kondoo walikotakiwa kwenda, kisha wakaendelea kuomba. Na walipopanga safari, biashara au uchumba, waliyaleta mashauri hayo mbele ya ndugu ili yatazamwe na wengine. Ni kweli kwamba ndugu hao mara nyingine walikuwa wagumu, wakambana mtu kwa mambo madogo kama mavazi, na kuna waliojeruhiwa na ukali huo. Sitaki kuwapamba. Lakini wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, watu hao hao walipotakiwa kula kiapo walikataa, na walipotakiwa na upande wa serikali ya kikoloni kubeba silaha, wengi wao walikataa pia. Baadhi waliuawa. Neno walilolisikia halikumpendeza mtu wa upande wowote, na sioni jinsi ambavyo wangelitunga kwa faida yao.

Nilisema nitarudi kwenye simu. Ubaya wake mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwingine kuliko kwenye muda inaokula. Ukisikiliza leo mahubiri ya mafanikio kwenye YouTube, kesho utaletewa mengine ya namna ile ile, na keshokutwa mengine, mpaka uamini kwamba kanisa lote duniani linasema jambo moja, nalo ni lile ulilolitaka. Mitambo hiyo imetengenezwa kumpa mtu kilichomvutia jana. Samweli aliambiwa neno aliloogopa kulisema. Simu haitakuletea neno la namna hiyo kwa hiari yake. Kwa hiyo kuizima asubuhi ni jambo jema, nalisisitiza, lakini aliyeizima akabaki peke yake na matamanio yake bado hajaondoka sokoni. Anahitaji Maandiko yanayosomwa kwa mpangilio, pamoja na vitabu asivyovipenda, na anahitaji watu wenye ruhusa ya kumwuliza maswali.

Hapo ndipo usemi wa "Bwana ameniambia" unapotakiwa kushikwa kwa mikono miwili. Nimeusikia ukitumika kuvunja uchumba, kuanzisha kanisa mita mia kutoka kanisa la kwanza, kumfukuza mhasibu aliyeuliza risiti. Anayeusema hufunga mjadala, kwa sababu nani atabishana na Mungu? Lakini Samweli mwenyewe, alipoambiwa neno, alilitoa kwa mzee aliyeweza kulipima. Wakristo wa kwanza walipogombana juu ya watu wa mataifa, walikutana Yerusalemu wakazungumza sana, kama Matendo ya Mitume sura ya 15 inavyosimulia, na uamuzi wao waliuandika kuwa wa Roho Mtakatifu na wao pamoja. Barua ya kwanza ya Yohana inawaagiza waumini wazijaribu roho. Kupima unabii ni utii kwa Maandiko, na nabii anayekasirika akipimwa amekwisha kujieleza.

Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa zaidi ya miili 400. Wengi walikuwa watu walioambiwa wafunge chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu, na walikuwemo watoto. Waliokwenda kule hawakuwa watu wasiojali mambo ya Mungu. Wengi waliuza mali zao, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shule, wakaikimbia dunia na kelele zake zote. Waliitafuta sauti ya Mungu kwa bidii kuliko wengi wetu tunaoketi kanisani Jumapili. Waliondolewa kwanza kutoka kwa ndugu, majirani, walimu na wauguzi, yaani kwa kila mtu ambaye angeweza kuuliza swali. Ndiyo maana siwezi kuandika sura ya kumsikiliza Mungu nikaishia kwenye kumshauri mtu atafute mahali pa utulivu. Utulivu usio na ndugu ndani yake unaweza kumpa nafasi mtu mmoja tu aseme, na mtu huyo si Mungu. Tunaolihubiri Neno tunapaswa kulilia jambo la Shakahola, na kuwafundisha waumini wetu kwamba wana haki ya kusema hapana kwa mchungaji. Hata kwangu.

Imebaki habari ya kunyamaza. Mwisho wa maisha yake Sauli alimwuliza Bwana, Wafilisti wakiwa wamepiga kambi Shunemu, na hakujibiwa, si kwa ndoto, wala kwa Urimu, wala kwa manabii. Akajibadilisha mavazi, akaenda usiku Endori kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi. Wako wanaoniuliza kwa uchungu kama Mungu anaweza kuwanyamazia wao hivyo. Kwanza nawaambia kwamba si kila kimya ni adhabu. Ayubu alinyamaziwa akiwa mwenye haki, na Hana alikaa miaka mingi bila jibu. Wengine Mungu amewaachia tu wachague kati ya mema mawili, nao wanangojea ishara isiyohitajika.

Lakini kimya cha Sauli kilikuwa na historia. Baada ya Gilgali, Samweli alirudi Rama na Sauli akapanda kwake Gibea, miji isiyokuwa mbali. Samweli aliishi miaka baada ya hapo. Biblia inaeleza mara moja tu ambapo Sauli alifika kwa Samweli, na ilikuwa kumfuatia Daudi, yule mdogo wa wana wa Yese, ili amwue. Alituma wajumbe mara tatu, kisha akaenda mwenyewe. Hatusomi kwamba alikwenda kuuliza lile jambo la kondoo limalizweje.

Kwa hiyo mtu anapokuja kwangu akisema Mungu amenyamaza, siharakishi kumpa aina mpya ya maombi wala siku za kufunga. Namuuliza kama kuna jambo alilokwisha kuambiwa, na Maandiko au na dhamiri au na mke wake, ambalo bado amelikalia. Wengine hukasirika, wakaenda kwa mchungaji mwingine. Wengine hukaa kidogo, kisha wakataja jina la ndugu yao, au kiasi cha fedha, au namba ya kiwanja. Hapo tunatoa kalenda, tunatafuta siku ya kumwendea huyo mtu, na kukubaliana ni nani atamsindikiza na nauli ni kiasi gani.